Maji ya Betri

Zamani, kabla paneli za sola hazijapanda juu ya mabati, betri za redio zilipochoka hazikutupwa. Zilianikwa. Bibi alizitoa mgongoni mwa redio moja moja, akazipanga kwenye ungo kando ya makopa ya muhogo, akaziachia jua la saa saba. Magharibi zilirudishwa, na taarifa ya habari ikasikika mpaka mwisho, ingawa sauti ya mtangazaji ilikuwa ikikonda kadiri muda ulivyokwenda. Waliokosa subira waliziuma kwa meno hadi zikabonyea. Watoto waliamini kwamba jua limezichaji.

Waliokwenda shule waliicheka desturi hiyo baadaye, na hawakuwa na haki ya kucheka. Jua halikuongeza umeme ndani ya betri, hilo ni kweli. Lakini betri zile, ambazo Kenya ziliitwa mawe, hazikuwa zimekauka kama jina lao lilivyodai. Ndani ya kikombe cha zinki, kuzunguka kijiti cha kaboni na unga mweusi wa manganizi, kulikuwa na uji. Na uji ni neno halisi hapa, kwa sababu kwa miongo mingi viwanda viliukoroga kwa unga wa ngano na wanga, pamoja na chumvi ya amonia. Umeme unaopita kwenye waya kwenda kwenye redio lazima umalizie safari yake ndani ya uji huo, ukibebwa na chembe zenye chaji zinazoitwa ioni. Michael Faraday alipozitafutia jina mwaka 1834, alichukua neno la Kigiriki lenye maana ya kitu kinachokwenda. Betri inapotumika sana, ioni hulundikana upande mmoja, njia huziba, na nguvu iliyobaki hukosa pa kupita. Joto huulegeza uji, mlundikano ukatawanyika, safari ikaendelea. Bibi alikuwa anafungua njia.

Mtu aliyekulia katika nyumba ya namna hiyo, akahamia Toronto, hukutana na somo lilelile likiwa limegeuzwa. Ni Januari, kituo cha basi cha Lawrence Avenue East, Scarborough, upepo unatoka upande wa ziwa. Simu inaonyesha asilimia 35. Anavua glavu kuangalia basi liko wapi, na kioo kinazimika ghafla kama taa iliyopulizwa. Anaiingiza simu ndani ya koti, kwapani. Dakika 10 baadaye, ndani ya basi lenye joto, inawaka, na asilimia zake ziko palepale au pungufu kidogo tu. Hakuna aliyezichukua. Kimiminika kilichomo ndani kilikuwa kizito, ioni zikaburuta miguu, na simu, ilipoona msukumo umeshuka, ikajizima. Kwapa lilifanya kazi ya ungo wa bibi.

Siku hizi Waswahili huzungumza kuhusu betri kwa wingi na kwa matumaini, lakini mazungumzo yote ni ya mawe ya aina nyingine. Madini ya kinywe, yaani grafiti, ya Mahenge, wilayani Ulanga. Kobalti ya Kolwezi na lithiamu ya Manono, nchini Kongo. Kote huko Kiswahili kinasemwa migodini na sokoni, na ni haki watu waulize madini yao yanakwenda wapi na yanarudisha nini. Lakini kinywe ni upande mmoja wa betri, na kobalti ni upande wa pili. Katikati yake kuna kimiminika ambacho wanasayansi hukiita elektroliti, na ambacho hakitajwi bungeni wala magazetini. Hakichimbwi mlimani, hakipigwi picha, hakina wachimbaji wadogo. Ila ndicho kinachoamua kama betri itachajiwa mara 50 au mara 5,000, kama itaamka asubuhi ya baridi, na kama itawaka moto usiku watu wamelala.

Lugha, kwa bahati nzuri, ilikwisha kukiona. Mafundi wa magari hawakusubiri neno elektroliti. Wao husema maji ya betri.

Betri yenye maji hayo ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859: pleti za risasi zilizozamishwa katika tindikali ya salfuriki, betri ya kwanza iliyoweza kuchajiwa tena na tena. Kwa sadfa inayopendeza kuikumbuka, mwaka huohuo, tarehe 10 Januari, Toronto ilipimwa baridi ya nyuzi 32.8 chini ya sifuri, ambayo mpaka leo ndiyo rekodi ya mji huo. Planté akiwa Paris hakuwa na habari na baridi hiyo. Lakini betri yake ingekuja kuishi nayo.

Mtazame fundi wa umeme wa magari, Gerezani ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi. Anaifuta betri vumbi, anatia sarafu kwenye mfuniko wa kwanza na kuuzungusha, kisha wa pili, mpaka yote sita. Anachukua kipimo chake, bomba la kioo lenye balbu ya mpira juu na kielea ndani, anaminya, anachovya, anaachia. Maji yanapanda. Kielea kinachezacheza halafu kinatulia, na jicho la fundi linakwenda kwenye rangi: kijani, nyeupe, au nyekundu. Kikielea juu, hapo penye 1.28, betri imejaa. Kikizama, betri ni tupu. Kwa nini uzito wa maji utoe siri ya umeme? Kwa sababu katika betri hii kimiminika si njia tu, ni sehemu ya chakula. Betri inapotoa umeme, tindikali huingia kwenye pleti na maji matupu huzaliwa mahali pake. Ukichaji, tindikali hutoka kwenye pleti na kurudi majini. Fundi anayesoma kielea anasoma ni kiasi gani cha tindikali kiko majini na kiasi gani kimejificha kwenye risasi. Ni kipimo cha kweli kuliko asilimia za simu, ambazo ni makadirio ya programu.

Jambo moja fundi wa Gerezani hajapata kuliona kwa macho, na dereva wa Toronto analijua kwa hasara. Tindikali ya betri iliyojaa haigandi mpaka baridi ifike karibu nyuzi 60 chini ya sifuri, baridi ambayo Toronto haijapata kuifikia. Lakini betri ileile ikiwa tupu, maji yake yanakaribia kuwa maji ya kawaida, na huganda kwenye nyuzi 7 au 8 chini ya sifuri, yaani usiku wa kawaida wa Januari. Barafu huvimba. Dereva aliyesahau taa ya ndani ikiwaka huikuta betri imepasuka ubavuni, pleti zimepinda, na hakuna wa kuibusti. Aliyeshiba anastahimili baridi, mwenye njaa anapasuka.

Hata betri iliyojaa hudhoofika. Kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri hutoa nusu ya nguvu zake za kuwasha gari au chini ya hapo, wakati huohuo mafuta ya injini yamekuwa mazito na yanadai nguvu zaidi. Ndiyo maana ubavuni mwa betri nyingi huandikwa herufi CCA na tarakimu kama 500 au 600. Hizo ni ampea ambazo betri inaweza kutoa kwa sekunde 30 katika baridi hiyohiyo ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Anayenunua betri Kariakoo, shati limemlowa jasho mgongoni, analipia kipimo cha baridi ambayo huenda asiione maishani mwake.

Toronto ina historia nyingine na maji haya, na inaanzia sebuleni. Redio za miaka ya 1920 zilihitaji betri kadhaa, na kubwa kati ya hizo ilikuwa betri ya tindikali kama ya gari, iliyowekwa chini ya meza au nyuma ya kochi. Ilipaswa kubebwa mara kwa mara kwenda kuchajiwa. Ilivuja. Ilitoboa mazulia, ikala mbao, ikaacha harufu kali katika chumba ambacho familia ilikaa kusikiliza muziki. Kijana mmoja wa mji huo, Edward Rogers, aliyezaliwa mwaka 1900, aliamua kuiondoa. Alinunua haki za taa ya redio iliyobuniwa Marekani, akaiboresha, na mwaka 1925 akaonyesha, katika maonyesho makubwa ya Canadian National Exhibition, redio inayochomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa ukutani. Aliiita redio isiyo na betri. Mwaka 1927 akaanzisha kituo cha utangazaji, CFRB, na herufi mbili za mwisho zilisimama kwa maneno hayohayo: Rogers, bila betri. Kituo hicho bado kipo hewani na herufi zake, ingawa ni wasikilizaji wachache wanaojua kwamba jina lake ni kumbukumbu ya tindikali iliyomwagika kwenye zulia.

Rogers anastahili heshima yake, lakini hakuwa peke yake katika kazi ile. Toronto Hydro ilikuwa imeanza kugawa umeme wa maporomoko ya Niagara mjini mwaka 1911. Betri iliondoka sebuleni kwa sababu waya ulikuwa umefika ukutani. Palipokosekana waya, betri ilibaki. Huku Toronto inasikiliza redio kwa umeme wa Niagara, vijiji vya Afrika Mashariki viliingia katika zama za redio miongo kadhaa baadaye, vikiwa na mawe mgongoni mwa kila redio. Tangazo la uhuru, matokeo ya mpira, vifo vilivyotangazwa mchana kwa majina ya marehemu na ndugu zake, vyote vilipita katika uji wa amonia. Betri za National zilitengenezwa Dar es Salaam na kampuni ya Matsushita. Betri za Eveready zilitengenezwa Nakuru, katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1967, zenye picha ya paka mweusi anayeruka ndani ya tarakimu 9. Kiwanda cha Nakuru kilifungwa mwaka 2014.

Paka huyo alikuwa na ndugu Toronto. Mwaka 1950 kijana aitwaye Lewis Urry, mzaliwa wa Pontypool, kijiji cha Ontario kaskazini mashariki mwa Toronto, alimaliza shahada ya uhandisi wa kemikali katika Chuo Kikuu cha Toronto na kuajiriwa na Eveready. Mwaka 1955 kampuni ilimhamishia kwenye maabara yake karibu na Cleveland, Marekani, ikamtuma arefushe maisha ya betri za zinki na kaboni, hizohizo zilizoanikwa kwenye ungo. Urry aliona kwamba mgonjwa yule hafai kutibiwa, afadhali abadilishwe damu. Aliuacha uji wenye uchachu, akaweka myeyusho mkali wa potasi, ule ambao wazee wa pwani wangeuita magadi makali. Zinki nayo haikuwa kikombe tena, aliisaga ikawa unga ili iguse kimiminika kila upande. Kuwashawishi wakubwa, alinunua magari mawili ya kuchezea, akatia betri ya kawaida katika moja na yake katika la pili, akayaachia sakafuni kwenye kantini ya kampuni. La kwanza lilisimama mapema. La pili lilikwenda na kurudi, likaenda na kurudi, mpaka watu wakachoka kulitazama. Betri hizo za alkalini ziliingia sokoni mwaka 1959.

Katika hataza ya uvumbuzi huo jina la Urry liko pamoja na la Karl Kordesch, mkemia kutoka Austria. Kordesch alirudi kwenye swali gumu zaidi: je, betri hii inaweza kuchajiwa? Kampuni ya Battery Technologies, ya pembezoni mwa Toronto, ilishirikiana naye kuitengeneza, na katika miaka ya 1990 betri za alkalini zinazochajiwa ziliuzwa Amerika Kaskazini. Zilikubali kurudi, kwa sharti. Ukizitumia kidogo na kuzichaji mapema, zilidumu. Ukizikamua mpaka tone la mwisho, zilirudi dhaifu, kila safari dhaifu zaidi. Soko likazipita. Lakini zilionyesha jambo ambalo watu wengi hawalifikirii: kutoa umeme mara moja si kazi ngumu kwa kimiminika. Kazi ngumu ni kurudisha kila chembe mahali ilipotoka, katika umbo lilelile, mamia ya mara.

Betri ya simu, ya baisikeli ya umeme na ya gari la umeme ilivuka mpaka ambao Planté na Urry hawakuuvuka. Iliacha maji kabisa. Maji huvunjika kuwa hidrojeni na oksijeni yakisukumwa na umeme wa zaidi kidogo ya volti 1.2, na lithiamu inataka karibu volti 4. Kwa hiyo kimiminika chake ni mchanganyiko wa vimumunyisho vitokanavyo na kaboni, jamii ya kaboneti, pamoja na chumvi ya lithiamu yenye florini ndani yake. Tone la maji likiingia humo huzalisha tindikali ya florini, mojawapo ya tindikali za hatari zaidi zinazojulikana. Ndiyo maana vyumba vya kiwandani vya kujazia betri hizi hukaushwa hewa kuliko jangwa lolote.

Mkuu wa mchanganyiko huo ni ethilini kaboneti, na ana tabia ambayo watu wa pwani wataielewa haraka. Kila mtu wa Tanga au Lamu anajua mafuta ya nazi yanavyoganda kwenye chupa asubuhi za kipupwe na kuyeyuka jua likipanda. Ethilini kaboneti ni hivyohivyo, ila yenyewe huganda hata kwenye joto: inayeyuka kwenye nyuzi 36. Dar es Salaam, mchana wa Februari, bado ni donge jeupe. Kemia ingetarajiwa imtupe huyu na kumchukua ndugu yake, propilini kaboneti, ambaye hubaki kimiminika hadi karibu nyuzi 49 chini ya sifuri na ambaye angeistahimili Toronto bila shida. Kwa miaka mingi watafiti walimtumia huyo ndugu. Na kila walipomweka pamoja na kinywe, kinywe kilichambuka matabaka yake kama kitunguu na kusambaratika.

Jibu lilitoka Kanada. Mwaka 1990 Rosamaria Fong, Ulrich von Sacken na Jeff Dahn, wakifanya kazi British Columbia, walionyesha kwamba ethilini kaboneti hukiokoa kinywe. Tofauti ya ndugu hao wawili ni kishada kimoja tu cha kaboni na hidrojeni, lakini mmoja anajua kutengeneza ukoko na mwingine hajui. Ukoko ndilo neno linalostahili hapa. Kimiminika kinapogusa kinywe katika chaji za kwanza kabisa, sehemu yake huungua na kugandamana juu ya kinywe, utando mwembamba sana usioonekana kwa jicho. Utando huo huzuia kimiminika kingine kisiendelee kuungua, na wakati huohuo unaziruhusu ioni za lithiamu zipenye. Emanuel Peled wa Tel Aviv alikuwa ameueleza na kuupa jina la kitaalamu tangu mwaka 1979, lakini mpishi yeyote wa wali angemfahamu haraka: kinachoungua chini ya sufuria ndicho kinachookoa kilicho juu. Kila simu iliyomo mfukoni mwa msomaji wa ukurasa huu ina ukoko huo, uliopikwa kiwandani kabla haijauzwa, na itazeeka kadiri ukoko unavyonenepa na kula lithiamu.

Dahn hakuuacha ukoko huo. Akiwa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Halifax, maabara yake imetumia miaka mingi kutia viungo katika kimiminika, asilimia moja au mbili tu ya hiki au kile, na kusubiri. Mwaka 2019 kundi lake lilichapisha matokeo ya betri ambazo zingeweza kulibeba gari kilomita zaidi ya milioni 1.6. Chumvi kidogo sana katika mchuzi, lakini ndiyo mchuzi.

Kwa kuwa ethilini kaboneti haiwezi kukosekana na haiwezi kuachwa peke yake, huchanganywa na kaboneti nyepesi ili isigande. Hapo ndipo baridi na moto hukutana. Vimumunyisho vyepesi vinavyoifanya betri iamke Januari ni vilevile vinavyoshika moto kirahisi. Mvuke wa mmoja wao, dimethili kaboneti, unaweza kuwashwa na cheche katika nyuzi 17 au 18 tu, yaani joto la chumba ambacho mtu wa Toronto huona kina ubaridi. Idara ya Zimamoto ya Toronto ilihesabu moto 29 uliohusishwa na betri za lithiamu mwaka 2022, na 55 mwaka 2023. Siku ya mwisho ya mwaka huo wa 2023, baisikeli ya umeme iliwaka ndani ya treni ya chini ya ardhi katika stesheni ya Sheppard-Yonge, na mtu mmoja akajeruhiwa vibaya. Mwaka uliofuata bodi ya TTC, chombo cha usafiri wa umma cha mji, ilipitisha marufuku ya kuingia na baisikeli na skuta za umeme katika vyombo vyake kuanzia 15 Novemba hadi 15 Aprili.

Tarehe hizo ni za majira ya chumvi. Barabara za Toronto humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na tope linalobaki hurushwa na magurudumu mpaka kwenye viungo vya betri. Chumvi ndani ya maji ni elektroliti kamili, ileile ambayo mwanafunzi wa sekondari hutumia kuwasha balbu darasani. Likipata upenyo, tope hilo hujenga njia ya umeme pasipotakiwa njia, likala vyuma, likaunganisha chanya na hasi. Kwa miezi mitano mji mzima unakuwa kama bakuli moja la maji ya betri.

Wanaoumizwa zaidi na marufuku hiyo ni wapelekaji wa chakula, wengi wao wageni nchini, na kati yao wamo waliotoka Nairobi, Kampala na Goma. Baisikeli ya umeme ndiyo ajira yao. Walio na fedha hununua betri zilizothibitishwa usalama. Wasio nazo hununua zilizoundwa upya na watu wasiojulikana, na hatari ya kimiminika huangukia vyumba vyao vya kulala. Serikali inayoandika marufuku bila kuwasaidia watu hao kubadilisha betri imewahamishia moto nyumbani.

Kimiminika hakiishi hatari kikishatumika, na mfano mchungu zaidi ni wa Mombasa. Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda ambako kiwanda cha kuyeyusha risasi za betri kuukuu za magari kilijengwa ubavuni mwa nyumba za watu. Moshi ulikuwa wa risasi, na maji machafu yenye tindikali yalitiririka mtaani, yakatumika. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa hapo, aligundua kwamba mtoto wake mchanga ana risasi katika damu, akaanza kupiga kelele. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2015 Omido alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, rufaa ikaitengua, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Watoto waliokulia kando ya maji yale sasa ni vijana.

Betri za lithiamu nazo zinafika mwisho, Toronto na kwingineko. Kampuni ya Li-Cycle, iliyoanzishwa na wahandisi wawili wa eneo hilo mwaka 2016, ilikuja na wazo la kuzisagia betri zikiwa zimezamishwa ndani ya kimiminika, ili mvuke wake usipate hewa ya kuwakia. Wazo lilikuwa jema na kiwanda cha Kingston, Ontario, kilifanya kazi, lakini fedha ziliishia njiani, na mwaka 2025 mali zake zilinunuliwa na Glencore, kampuni ya madini ambayo Kolwezi inaifahamu vizuri.

Si watafiti wote wanaoamini kwamba maji yaliachwa kwa busara. Linda Nazar, aliyepata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Toronto na sasa anafundisha Waterloo, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kuelekea magharibi, amefanya kazi kwenye betri za salfa na kwenye elektroliti zisizo na kimiminika kabisa. Lakini mwaka 2016 yeye na wenzake walichapisha kazi ya njia nyingine: betri ya zinki na oksidi ya vanadi inayochajiwa mara nyingi, na kimiminika chake ni maji yenye chumvi ya zinki. Hayawaki moto. Hayahitaji chumba kikavu kuliko jangwa. Volti zake ni ndogo na betri ni nzito, haitafaa mfukoni. Kwa zahanati ya Ulanga, kwa shule ya bweni, kwa nyumba yenye paneli mbili za sola juu ya bati, uzito si kitu. Betri itakaa chini kwenye kona, imetulia. Ingefaa wataalamu wa Afrika Mashariki waitazame njia hii kwa makini kuliko wanavyoitazama ile ya magari ya kifahari, maana zinki, maji na usalama ndivyo vitu ambavyo nyumba zetu zinaweza kuvimudu.

Usiku wa saa nne, mtaa wa Thorncliffe Park, Toronto. Mpelekaji wa chakula amemaliza zamu. Anafungua betri ya baisikeli kwa ufunguo mdogo, anaipangusa tope la chumvi kwa kitambaa, anaibeba kwapani kama mkate hadi ghorofa ya 14. Haichomeki kwenye chaja mara moja. Ameelezwa na wenzake, nao waliambiwa na waliotangulia, kwamba betri iliyotoka kwenye baridi chini ya sifuri ikichajiwa papo hapo, lithiamu haitawahi kupenya kwenye kinywe. Itajipaka juu yake kama chuma kitupu, iote miiba, na mwiba mmoja ukifika upande wa pili ndio mwanzo wa moto. Kwa hiyo anaiweka sakafuni katikati ya chumba, mbali na mlango na mbali na godoro, juu ya kigae kitupu. Anavua viatu. Anabandika chai. Kila baada ya muda anainama na kuigusa kwa kiganja, kama anavyoguswa paji mtoto mwenye homa, ila yeye anasubiri joto lipande.